Mbuzi Atasubiri

Faustin alizaliwa Mwika, juu mlimani, kwenye migomba na kahawa. Huko maji mengi kuliko yote ni ya mfereji, nayo yanamfika mtu magotini. Lakini ndiye huyo huyo aliyekwenda Tanga akawa mpiga mbizi. Ndugu zake walimcheka sana. "Mchagga na bahari wapi na wapi, mbe?"

Kazi yake ilikuwa kuwaongoza wageni chini ya maji, kando ya miamba. Kila mmoja alibeba mgongoni mtungi wa hewa ya kuvuta. Jioni alimsimulia mke wake, Ester, aliyoyaona. Chewa mkubwa kama ndama amejificha pangoni. Pweza amejigeuza rangi ya jiwe. Kamba wametoa ndevu kwenye nyufa, na samaki wa njano wamejaa mpaka mtu haoni mbele. Ester hakuwahi kuingia baharini kupita magoti, lakini alipenda kumsikiliza.

Kila Desemba walirudi Mwika. Hilo halikuwa na mjadala. Mkesha wa Krismasi mbuzi alichinjwa, na Faustin, mtoto wa kwanza, ndiye aliyemkabidhi baba yake sehemu ya mzee. Asingekuwepo, watu wangesema amesahau kwao.

Mwaka ule baba yake, Mzee Vedastus, alipiga simu karibu kila siku.

"Utakuja?"

"Nakuja, baba. Wageni ni wengi tu."

"Wageni ndio waliokuzaa? Usipofika mkesha, usinitafute tena."

Asubuhi ya mkesha Faustin alizama mara mbili, tena chini sana. Alipotoka majini alioga, akala mkate, akaingia kwenye gari la rafiki yake Julius. Ester alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma na mizigo.

"Si mlifundishwa mkitoka kuzama mpumzike kwanza?" Ester aliuliza.

"Tulifundishwa tusipande ndege. Sasa hii ni ndege?"

Julius akacheka. Ester naye akacheka. Jamani! Kicheko kile kinamchoma Ester mpaka leo.

Walipofika Same, Faustin alianza kujikuna. Kisha akashika bega.

"Vipi?" Ester akauliza.

"Nimebeba mitungi vibaya. Litaacha."

Himo waliacha barabara kuu, wakaanza kupanda. Masikio yaliziba. Baridi iliingia, na migomba ikaanza kuonekana pande zote mbili. Kwa kawaida hapo Faustin huimba. Siku hiyo alikuwa anajikanda mapaja.

"Miguu imekufa ganzi," alisema mwishowe.

"Umekaa mno, aisee," Julius akamwambia. "Tunafika sasa hivi."

Walifika jua likiwa bado lipo. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mgomba. Watoto walikuja mbio. Faustin alifungua mlango, akasimama, akaanguka chini mbele ya wote.

"Shikamoo, baba," alisema akiwa pale pale chini.

"Marahaba. Umekunywa?"

"Sijanywa, baba."

Hakuna aliyeamini. Walimnyanyua, wakamkalisha kwenye kiti. Mama yake, Mama Eliza, alileta mtori wa ndizi wa moto, akamkanda miguu kwa mafuta ya ng'ombe. Ester alisema waende hospitali.

"Mwanangu, huyu amechoka," mama mkwe akamjibu. "Safari ni ndefu. Alale tu."

Ester alikuwa mkwe, tena mbele ya ukoo mzima. Akaenda kutandika kitanda. Alijiambia labda kweli ni uchovu. Ndivyo watu wengi tunavyojidanganya, tunaogopa kuharibu sikukuu.

Mbuzi akachinjwa. Faustin akampa baba yake sehemu yake akiwa ameketi. Watu wakapiga makofi. Mzee alifurahi sana.

Asubuhi ya Krismasi Faustin hakuweza kusimama kabisa. Tumbo lilikuwa limejaa, mkojo umegoma. Ester alimfinya mguu kwa kucha.

"Unasikia?"

"Unafanya nini?" Faustin akauliza. Hakuwa amesikia kitu.

Ester alipiga yowe. Jirani yao Tabitha, muuguzi wa zahanati, alikuwa anapita akitoka ibadani. Aliingia na nguo zake za kanisani, akamtazama mgonjwa, akauliza.

"Jana ulizama?"

"Asubuhi. Mara mbili."

"Ukaja huku siku hiyo hiyo?"

"Kwa gari, dada. Bega lilianza kuniuma Same. Sikupanda ndege."

Tabitha alifumba macho kidogo. Zamani alifanya kazi hospitali ya pwani, na wagonjwa wa namna hii alikuwa amewaona.

"Mlazeni chali," alisema. "Asikae, asitembezwe, msimkande tena. Julius, kimbia zahanati ulete mtungi wa oksijeni. Mimi napiga simu hospitali."

"Ni nini lakini?" Mama Eliza akalia. "Amelogwa?"

"Hajalogwa, mama. Wewe unapika pombe ya mbege. Ukiifunga kwenye dumu ikakaa, halafu ukafungua ghafla, inakuwaje?"

"Povu linaruka mpaka ukutani."

"Basi. Kule chini maji yanaukandamiza mwili. Hewa anayoivuta inaingia kwenye damu na kukaa humo. Akitoka majini akapumzika pwani, inatoka kidogo kidogo kwa pumzi. Akija juu mapema, huku hewa ni nyepesi, haikandamizi. Ni kama mmefungua dumu. Povu linatokea ndani ya damu. Lake limeumiza uti wa mgongo."

"Lakini hakuruka angani," Mzee Vedastus alisema.

"Mzee, hapa kwako ni juu. Ndege au mlima, mwili haujui tofauti. Alitakiwa akae pwani siku nzima na usiku wake, ndipo apande. Na bega lilipoanza kuuma Same, wangegeuza gari wakimbilie hospitali."

"Tumrudishe baharini, basi," Julius alisema. "Azame tena, likandamizwe."

"Mtamuua! Anahitaji oksijeni, na chumba maalumu cha hospitali kinachokandamiza hewa. Na anatakiwa ashuke kutoka huku juu sasa hivi. Tumeshachelewa."

Walimshusha Moshi akiwa amelala, oksijeni puani. Madaktari wakapigiana simu, na gari la wagonjwa likampeleka pwani kwenye chumba hicho. Aliingizwa humo tena na tena, wiki nyingi. Daktari hakuwaficha. Angefikishwa mapema, pengine angetembea vizuri.

Uhai ulisalimika. Mguu wa kulia ulirudi, wa kushoto haukurudi. Faustin alirudi Mwika na magongo mawili. Hakuzungumzia tena chewa wala pweza, na Ester hakumuuliza. Mzee Vedastus aliacha kula nyama ya sikukuu. "Mimi ndiye niliyemwita," alisema kila mara.

Mdogo wake Faustin, Denis, naye alikuwa mpiga mbizi Tanga. Mwaka huo yeye ndiye aliyepewa kumchinja mbuzi. Desemba iliyofuata alipiga simu asubuhi ya mkesha. Ester alikuwa karibu, akasikia yote.

"Baba, nimetoka majini sasa hivi. Nikisubiri kama inavyotakiwa, sikukuu itanipita. Kuna gari linaondoka saa hizi."

Mzee alimtazama Faustin. Faustin alikuwa ameketi mlangoni, magongo yameegemezwa ukutani.

"Usipande hilo gari," mzee akasema. "Kaa hapo. Lala hapo. Keshokutwa alfajiri ndipo uanze safari."

"Na mbuzi? Watu watasema nini?"

"Waseme! Mbuzi yupo anakula majani. Atasubiri."

Na kweli, majirani walisema. Krismasi ilipita bila moshi wa nyama kwa Mzee Vedastus, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea. Mama Eliza alipika mtori, wakala huo.

Siku iliyofuata, mchana, gari lilisimama barabarani. Denis alishuka na begi lake, akaja kwenye njia ya migombani.

"Shikamoo, baba."

Mzee hakuitikia. Hakumtazama hata usoni. Alikuwa anatazama miguu.

"Rudi kule barabarani," akasema. "Halafu uje tena, nikuone unavyotembea."