Koti la Mchukuzi

Kila mvua iliponyesha, maji machafu yaliingia jikoni. Mifuko ya plastiki ilikuwa imeuziba mtaro kabisa. Siku moja mama mkwe alichoka. Akatoa koti la turubai la marehemu mumewe, aliyekuwa mchukuzi sokoni.

"Mkamwana, tushonee mfuko. Plastiki isikanyage tena nyumba hii."

Mkamwana alikata mgongo wa koti, akashona mfuko, akabandika vishikio viwili mdomoni. Siku ya kwanza tu, akirudi na viazi, kishikio kiling'oka na kipande cha turubai. Viazi vikatapakaa njiani. Mama mkwe alikitazama kile kipande, akakikunja taratibu. Afadhali angefoka.

Zilibaki pande mbili za mbele na mikono. Akikosea tena, koti limekwisha. Akaenda na ule mfuko kwa jirani, fundi viatu.

"Nani kashona kitu hiki? Panya?"

"Ni mimi, kaka. Nicheke, lakini nifundishe."

Fundi akaacha kucheka. "Umeuachia uzi mzigo wote, dada. Mzigo unabebwa na mkanda. Kata mikono ya koti vipande vya upana wa vidole vinne. Kunja mara mbili, unga, upate mkanda mmoja mrefu. Upitishe chini ya mfuko, uupandishe pande zote mbili, uache vitanzi juu viwe vishikio. Karibu na mdomo shona mraba, na ndani yake mshono kama alama ya kuzidisha."

Mkamwana alishona mfuko mpya kwa zile pande mbili za mbele, na mkanda wake, mpaka vidole vikafa ganzi. Alipomaliza, mama mkwe alileta jiwe la mlangoni akilibiringisha kwa mguu.

"Jiwe, mama?"

"Viazi vilishamwagika. Sasa tuone jiwe."

Wakalitia ndani. Mkamwana akafumba macho, akanyanyua. Turubai lililia kidogo, kisha kimya. Alipofumbua macho, jiwe lilikuwa linaning'inia. Hakuna uzi hata mmoja uliofyatuka. Mikono ileile ya koti, na jiwe lote lile!

Mama mkwe aliinama, akapapasa mkanda kule chini, polepole.

"Miaka thelathini alibeba mizigo ya watu," alinong'ona.

Wiki hiyo majirani walileta suruali kuukuu na mapazia, wakafundishwa. Wakazibua mtaro pamoja. Mvua kubwa ilipokuja, wote walisimama mlangoni, midomo wazi. Maji yalikwenda zake mtaroni, jiko likabaki kavu.

Kulipokucha, mama mkwe aliutungua mfuko msumarini.

"Twende, mzee," aliuambia. "Viazi vimekwisha."