Ukuta wa Kufika Batini

Jumapili, saa moja na nusu asubuhi, matofali yalikuwa kitandani.

Isihaka alisimama mlangoni, mswaki mdomoni. Kozi zote, zile safu za matofali alizojenga jana yake juu ya ukuta wa kati, zilikuwa zimeshuka na kujilaza juu ya godoro, upande wa mke. Yeye alikuwa amelala sebuleni kukimbia vumbi la saruji. Upande wa mke ulikuwa mtupu tangu mwezi uliopita.

"Umekufa?"

Ilikuwa sauti ya mama yake, Bi Siti, kutoka chumba cha pili. Hakupaza. Hakukuwa na haja. Ukuta wa kati wa nyumba ile ya Kasulu uliishia usawa wa kuta za nje, na juu yake palikuwa wazi hadi kwenye bati. Dari haikuwahi kuwekwa. Aliyepiga chafya chumba kimoja aliambiwa pole chumba cha pili.

"Sijafa, mama."

"Alhamdulillahi. Nilidhani ni tetemeko, kumbe ni fundi."

"Mama, tusianze asubuhi yote hii."

"Nimeanza mimi? Nani anapanda huko juu kuniziba kama panya? Nimekuzaa, nimekulea, leo hata pumzi yangu inakukera."

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa Asmahani, mkewe, aliyekuwa kwao Kibondo.

"Tuma picha ya ukuta."

Akaandika: "Bado kidogo."

"Bado kidogo ulisema wiki iliyopita."

Isihaka akatoka hadi nyuma ya choo, mbali na masikio, akapiga.

"Umeporomoka," akasema hata kabla ya salamu.

"Nini kimeporomoka?"

"Ukuta."

Asmahani akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Isihaka, wewe ni muuza vitenge. Nani alikwambia unajua kujenga?"

"Si wewe uliyekataa fundi?"

"Nilikataa kwa sababu fundi akiingia chumbani atauliza tunaziba nini, na jioni soko zima litakuwa na jibu. Mimi sokoni nimeshajulikana vya kutosha."

Yalikuwa ya mwezi uliopita. Mimba ya Asmahani ilikuwa imetoka. Alimwambia mumewe peke yake, kitandani, kwa kunong'ona. Kesho yake Faudhia, mdogo wake Bi Siti, alimshika mkono katikati ya wateja na kumkabidhi furushi la mizizi ya "kushikiza tumbo". Asmahani aliacha duka wazi, akapanda basi.

"Sikumwambia mtu," Isihaka akasema. "Wallahi."

"Ni ukuta, au ni mdomo wako. Sijajua ni kipi. Ijumaa baba anaita wazee. Wakiniuliza kama narudi kwako, nitawajibu nini?"

"Waambie unarudi."

"Kwa mtu yupi? Yule aliyenisikia, au yule aliyenitangaza?"

Akakata.

Jumatatu, kabla ya kufungua duka, Isihaka alikwenda kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa njia ya Nyakitonto. Fundi wa pale alikuwa Mpawenimana, mtu wa maneno machache yenye ncha. Isihaka alishamdanganya kuwa anajenga banda la kuku.

"Mwakeye, fundi," akamsalimu kwa Kiha.

"Mwakeye. Lile banda la kuku limefika wapi?"

"Limeanguka."

"Upepo?"

"Hapana. Liko ndani."

"Banda la kuku liko ndani?"

Isihaka akatazama viatu vyake. Mpawenimana akamwacha avitazame.

"Sawa. Kuku wako wakilala chumbani, hiyo siyo kazi yangu. Ni matofali ya kuchoma?"

"Ndiyo."

"Uliyalowesha?"

"Niyaloweshe? Niliyafunika turubai yasiguswe na mvua!"

Fundi akaweka mwiko chini.

"Bwana wee! Tofali la kuchoma lina kiu. Ukilipanga kavu linanyonya maji yote ya mota, saruji na mchanga vinabaki unga. Na kama ulipanda juu ya ukuta wa zamani, kichwa chake ulikisugua?"

"Hapana."

"Basi ulijenga unga juu ya vumbi. Shukuru Mungu kuku hawakuwepo."

Asubuhi ile Isihaka alilowesha matofali ya watu, akapanga kozi moja. Mpawenimana akaisukuma kwa kidole, ikalegea.

"Rudia. Ulipima na nini?"

"Kwa jicho."

"Jicho lako lipeleke kwenye vitenge. Hapa funga kamba."

Akarudia, ikalegea tena. Akarudia. Duka lilifunguliwa mchana. Jumanne pia lilifunguliwa mchana, na wateja wawili walimwambia ana saruji kwenye kope.

Jumatano, baada ya swala ya adhuhuri, alipandisha meza juu ya mapipa chumbani kwake, akasugua kichwa cha ukuta kwa brashi ya waya, akakimwagia maji. Matofali yalikuwa yamelala ndani ya beseni tangu asubuhi. Safari hii kozi ya kwanza ilishika. Ya pili ikashika. Alikuwa anainua tofali la kozi ya tatu aliposikia mama yake, upande wa pili, akizungumza na simu kwa sauti ndogo.

"Asmahani, mwanangu, usikate. Nisikilize tu."

Isihaka akabaki na tofali mkononi.

"Mumeo hakusema kitu. Ni mimi. Nilikusikia ukimwambia usiku ule. Nililia, nikaziba mdomo na kanga msinisikie. Asubuhi nikampigia Faudhia. Nilitaka dawa, mwanangu, sikutaka maneno. Lakini namjua Faudhia. Nilimjua na bado nikamwambia."

Akasikiliza simu. Mota ilianza kukakamaa kwenye mwiko.

"Haya," Bi Siti akasema. "Nashukuru hata kwa kupokea."

Halafu akasema kwa sauti yake ya kawaida:

"Isihaka. Najua uko hapo juu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Uliniuliza mara mbili, nikakana mara mbili."

"Ndiyo, mama."

"Basi ziba."

Isihaka akakwangua mwiko. Alilitazama lile tofali, akalirudisha kwenye beseni kwa kuwa lilikuwa limekauka, akachukua jingine. Alijenga hadi giza lilipomzuia kuona kamba. Asmahani hakupiga, na yeye alipoandika "Umesema nini na mama?" ujumbe ulisomwa, haukujibiwa.

Alhamisi saa tano Asmahani alishuka stendi ya Kasulu na begi dogo, la mtu anayeweza kugeuza siku hiyohiyo. Alimkuta Bi Siti uani akichagua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sikutegemea."

"Hata mimi. Nina swali moja. Ulimwambia Faudhia tu, au na wengine?"

"Yeye tu."

"Na Isihaka alijua?"

"Alijua jana, kutoka juu ya meza."

Asmahani akaitikia kwa kichwa.

"Sijakusamehe bado, mama. Sitaki nikudanganye."

"Usinidanganye."

Akaingia chumbani. Isihaka alikuwa juu, nyundo mkononi, vipande vya matofali vimetapakaa chini.

"Kozi hii imepinda," akasema Asmahani.

"Nimeiona."

"Na hapa chini ya bati mbona pako wazi?"

"Panataka matofali ya kukata kwa mteremko. Nikigonga yanavunjika vipande vitatu."

"Unagonga kama unadai. Gonga taratibu, zunguka pande zote."

"Umejulia wapi?"

"Sijui lolote. Naona tu ulivyokasirika."

Akavua viatu, akafunga kanga kiunoni, akatumbukiza mikono kwenye beseni.

"Nilikudhania," akasema bila kuinua macho. "Mwezi mzima nilikudhania wewe."

"Najua."

"Ungeniambia pole yako basi, badala ya kusema najua."

"Iliniuma, Asmahani. Hiyo ndiyo pole yangu. Lete tofali."

Walifika batini saa kumi na moja jioni. Isihaka alijaza mota upenyo wa mwisho kwa kidole. Asmahani akafunga mlango, akakaa ukingoni mwa kitanda, akampigia baba yake. Hakunong'ona.

"Baba, wazee wasije kesho. Nimerudi kwangu. Ndiyo, kwa hiari yangu."

Dakika chache baadaye mlango ukagongwa. Bi Siti alikuwa ametoka chumba cha pili, amesimama nje, sahani ya chakula mkononi.

"Asmahani," akauliza, "baba yako umeshampigia?"