Upepo Uliozimwa

Kila siku saa kumi na moja jioni, vyombo vikishaoshwa na madaftari yakisharudishwa mkobani, meza ya kulia chakula nyumbani kwa kina Cherehani iligeuka kuwa ndege. Kitambaa kilikunjwa, kompyuta ya zamani ikawekwa katikati, na chini ya meza zikasogezwa pedali mbili za mbao. Pedali hizo alizitengeneza Babu, ambaye ni seremala, kwa mbao za kitanda kilichovunjika na springi za mlango. Fundi redio wa jirani akaziunganisha na kompyuta kwa nyaya. Zilipokanyagwa zililia kama bata, lakini kazi zilifanya.

Rubani alikuwa Mama Mdogo, mdogo wake mama, ambaye ni mjaza mafuta kwenye kiwanja kidogo cha ndege nje ya mji. Miaka mitatu alikuwa akizijaza ndege za watu mafuta na kuzitazama zikipaa, yeye akibaki chini na mpira wa mafuta mkononi. Mwaka huu chuo cha urubani cha pale kiwanjani kilitoa nafasi moja kwa mfanyakazi mmoja, naye akaipata. Sharti lilikuwa kwamba mpaka siku ya mwisho ya mwezi awe ameweza kurusha ndege peke yake. Akishindwa, nafasi inakwenda kwa anayefuata, na yeye anarudi kwenye mpira wake wa mafuta.

Karani wa safari alikuwa Cherehani mwenyewe. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake ukishaanza kwenda haujui kusimama. Kazi yake ilikuwa kusoma kwa sauti orodha ya ukaguzi, kitu kimoja kimoja, kisha kuandika daftarini kila mara Mama Mdogo alipotua: tarehe, upepo, vizuri au vibaya.

"Mkanda?" aliuliza Cherehani kwa sauti ya mtu mkubwa.

"Umefungwa," alijibu Mama Mdogo. Kweli alikuwa amejifunga kitini kwa mshipi wa Babu.

Mkufunzi wake, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kengele, kiwanjani walimwita Bi Mikanda. Hata salamu hakuitikia ndani ya ndege mpaka ahakikishe umefunga mkanda. Yeye ndiye aliyesisitiza habari ya upepo. Kiwanja chao kimebanwa kati ya mto na kilima, kwa hiyo njia ya kutulia ndege imekingama na upepo, na kila siku upepo huo huisukuma ndege kutoka ubavuni. Rubani hushuka pua ya ndege ikiwa imeelekea upepo unakotoka. Kabla tu magurudumu hayajagusa ardhi, sharti akanyage pedali ainyooshe. Akichelewa, ndege inatua upande upande kama kaa.

"Ndege yetu inaingia karakana, injini inafanyiwa matengenezo," Bi Mikanda alimwambia Mama Mdogo mwanzoni mwa mwezi. "Kompyuta haitakufundisha kila kitu, lakini miguu itazoea. Weka upepo wa pembeni, na usiuondoe."

Mama Mdogo aliuweka siku ile ile. Wiki nzima akatua majanini. Cherehani aliandika "vibaya" mpaka mkono ukazoea neno lenyewe, na Babu kila akipita na randa yake aliuliza kama abiria wamepona. Mama Mdogo alicheka, akajifuta jasho, akaanza upya.

Balaa lilianzia shuleni, na lilianza kwa majivuno. Cherehani aliwatangazia wenzake darasani kwamba yeye hutua ndege vizuri kuliko watu wazima. Rafiki yake wa dawati moja akasema, "Haya, Jumatano nakuja nione."

Masikini Cherehani, alikuwa hajawahi kutua salama hata mara moja. Jumatano mchana alijaribu mara tatu kabla mgeni hajafika. Mara ya kwanza aliangukia mtoni, ya pili kwenye uzio, na ya tatu hakutaka hata kuikumbuka. Mara akasikia hodi mlangoni. Alifungua ukurasa wa mipangilio, akaukamata upepo kwa kipanya, akauburuta mpaka ukafika sifuri.

Ndege ilitua laini kabisa. Rafiki alipiga makofi, na Cherehani akavikwa kilemba cha ukoka akakifurahia. Alisema, "Mimi nimeshazoea." Rafiki alipoondoka, mama alimtuma dukani, na dukani kulikuwa na foleni. Aliporudi, Mama Mdogo alikuwa ameshajifunga mshipi, na ndege imeshapaa.

Ikatua katikati ya mstari mweupe, imenyooka. Mama Mdogo hakuamini. Alirudia, ikawa vile vile. Ya tatu ilipotua aliinuka na kiti chake, mshipi ukiwa bado umefungwa, akamkumbatia Cherehani mpaka mbavu zikamuuma.

"Nimeweza, mwanangu. Nimeweza kweli. Andika."

Hapo ndipo Cherehani alipokumbuka upepo. Alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake cherehani ile ikakosa uzi. Angesemaje? Mama Mdogo alikuwa analia kwa furaha, Babu ameacha randa yake kuja kutazama, na mama anapiga vigelegele toka jikoni. Akachukua kalamu. Mahali pa upepo akaandika "upo". Mahali pa kutua akaandika "vizuri". Alijiambia kesho atasema.

Ya leo leo, msema kesho ni mwongo. Kesho yake Mama Mdogo alikuja na habari kwamba amewasimulia wenzake wote kazini. Keshokutwa yake akaanza kuimba wakati wa kutua. Cherehani alifikiria kuurudisha upepo kimyakimya, lakini ndege ingeanguka tena majanini, naye angeulizwa kulikoni. Kila siku aliyonyamaza iliifanya siku iliyofuata kuwa ngumu zaidi. Akawa anaandika tu: upo, vizuri, upo, vizuri. Usiku alipata usingizi wa mang'amung'amu, na mezani chakula hakikushuka.

"Huyu mtoto anaumwa?" aliuliza mama. "Siku ya tatu sasa nyumba iko kimya."

"Meno," alisema Cherehani. Ukawa uongo mwingine juu ya ule wa kwanza.

Jumamosi, zikiwa zimesalia siku tano mwezi uishe, ndege ilitoka karakana. Mama Mdogo aliwaalika Babu na Cherehani waje kumwona. Walikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya chuo, karibu na uzio. Upepo ulikuwa ule ule wa kila siku. Ule mfuko wa kitambaa wanaoutundika juu ya mlingoti kuonyesha upepo ulisimama umejaa, umeelekea kilimani. Cherehani aliutazama, akamgeukia Babu.

"Babu," alianza.

"Nyamaza kwanza, wanapaa."

Ndege ndogo nyeupe ilipaa, ikazunguka, ikarudi. Ilikuja pua imepinda, kama ilivyotakiwa, lakini ilipokaribia ardhi haikunyooka. Iligusa chini upande upande, magurudumu yakalia, ikaruka tena juu na kuyumba, kisha ikapaa kwa nguvu. Babu alisimama. Mara ya pili ikawa mbaya zaidi, bawa moja likainama hata Cherehani akafumba macho. Alijua kabisa miguu ya Mama Mdogo ilikuwa inafanya nini mle ndani. Ilikuwa imetulia tu, kwa sababu kwa siku kumi na saba hapakuwa na kitu cha kuiamsha. Angeweza kupiga kelele mpaka koo likauke, na mle ndani zisingesikika. Alishika waya wa uzio kwa mikono miwili, akaomba Mungu. Mara ya tatu ndege ilinyooka ghafla dakika ya mwisho, na kila mtu pale alijua kwamba ni Bi Mikanda aliyeushika usukani.

Waliposhuka, Bi Mikanda alitangulia ofisini. Mama Mdogo alimfuata kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu. Mlango ulibaki wazi, na kutoka benchini kila neno lilisikika.

"Daftari lako linasema tangu wiki ya pili umetua mara arobaini na mbili katika upepo wa pembeni, zote vizuri," alisema Bi Mikanda, daftari alilopewa likiwa wazi mkononi. "Miguu yako inasema hujawahi hata kuuonja. Sasa nimwamini nani?"

"Nimefanya kweli, Mwalimu. Kila siku nimefanya."

"Mimi mwanafunzi asiyejua simwogopi, ndiyo kazi yangu. Ninayemwogopa ni anayeniandikia uongo. Leo ataandika upepo ulikuwepo, kesho ataandika mafuta yalikuwepo. Mtu wa namna hiyo siwezi kumwachia ndege. Nafasi hii nitampa anayefuata."

Mama Mdogo hakujitetea. Angejitetea kwa lipi, naye mwenyewe hakuelewa kilichomtokea? Alisema kwa sauti ndogo, "Labda ndege si za watu kama sisi," kisha akaanza kuvua fulana ya chuo aliyoivaa juu ya nguo zake za kazi.

Cherehani hakujua alifikaje mlangoni.

"Shikamoo," alisema, kwa kuwa hakupata neno jingine la kuanzia.

"Marahaba. Tuna mazungumzo hapa, mwanangu."

"Upepo niliuzima mimi. Yeye hajui. Mwandiko huo ni wangu."

Bi Mikanda alilitazama daftari, kisha akamtazama yeye. "Uliuzima lini?"

"Wiki mbili na siku tatu zilizopita."

"Na kila siku ukaandika 'upo'."

"Niliandika." Machozi yalikuwa yameshamfika kidevuni. Alieleza yote: majivuno ya darasani, rafiki, sifuri, na jinsi alivyoahirisha kusema kila siku. Hakuna aliyemkatisha. Alipomaliza, Mama Mdogo alikuwa ameshika fulana ile mkononi, anamtazama kama mtu asiyemfahamu.

"Siku ile nilikukumbatia," alisema.

Bi Mikanda alilifunga daftari. Kisha akamwambia Mama Mdogo, "Vaa fulana yako. Na uniwie radhi, nimekuita mwongo na si wewe. Lakini kusamehewa hakutakunyooshea ndege. Mwezi unakwisha Alhamisi. Nenda kafanye kazi, Alhamisi saa tisa uje."

Jioni kitambaa kilikunjwa, pedali zikasogezwa. Cherehani alisimama mbali, hajui kama bado ni karani.

"Soma orodha," alisema Mama Mdogo bila kugeuka.

Lakini kabla ya kuanza, alifungua mwenyewe ukurasa wa mipangilio, akaukagua upepo kwa macho yake. Alifanya hivyo kila safari, jioni zote. Jambo hilo lilimuuma Cherehani kuliko kofi, maana alijua sababu yake. Jumapili aliandika "vibaya" mara kumi na moja. Jumatatu mara tisa. Pedali zililia mpaka mama akaziba masikio. Jumanne usiku uliingia Mama Mdogo bado hajatua hata mara moja vizuri, na Babu hakuuliza habari za abiria. Jumatano jioni, mara ya saba, ndege ya kwenye skrini ilinyooka na kugusa mstari. Mara ya nane haikunyooka. Ya tisa ikanyooka.

"Andika ulichokiona," alisema Mama Mdogo, na Cherehani akaandika hivyo hivyo, vizuri na vibaya.

Alhamisi alikwenda kiwanjani moja kwa moja kutoka shuleni. Ndege ilipaa na kutua mara tatu, watu wawili ndani. Kutua kwenyewe hakukupendeza, lakini mara zote ilinyooka. Baada ya mara ya tatu ilisimama pembeni huku injini ikinguruma. Mlango ukafunguliwa, Bi Mikanda akashuka, akaufunga nyuma yake, akaja taratibu mpaka kwenye uzio.

Kiti cha mkufunzi kilikuwa kitupu. Ndege ikageuka, ikapaa na mtu mmoja.

"Akikosea sasa utafanya nini?" aliuliza Cherehani.

"Hakuna," alisema Bi Mikanda. Kumbe mikono yake nayo ilikuwa imeushika waya wa uzio. "Mimi na wewe sasa tuko sawa, hatuna la kumsaidia. Mtu akiwa kule juu ana kile tu alichopewa huku chini. Kwa hiyo ukimdanganya mwenzio wakati wa kujifunza, hata kama ni kwa kumfurahisha, unamdanganya kwa ajili ya siku ambayo hutaweza kumfikia. Ulisema ukiwa umechelewa, mwanangu. Lakini ulisema angali chini, na hilo nitalikumbuka."

Ndege ilikuwa imeshageuka mwisho wa kilima, inashuka, pua imepinda kuelekea mtoni. Ilishuka ikashuka. Upepo uliisukuma, ikayumba, bawa likainama kidogo upande wa upepo. Kisha, juu kidogo tu ya ardhi, pua ikasogea taratibu mpaka ikalingana na njia. Gurudumu moja likagusa, halafu la pili, halafu la mbele, ndege ikakimbia imenyooka mpaka ikasimama.

Bi Mikanda aliuachia waya wa uzio. Mama Mdogo alifungua mlango, akateremka, akakaa chini palepale karibu na gurudumu. Cherehani alibaki kwenye uzio. Hakuthubutu kwenda. Mama Mdogo alitazama huku na huku akimtafuta, na alipomwona alimwita kwa mkono.

"Njoo," alisema. "Njoo unishike, siwezi kusimama."