Nukta ya Buluu

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipitia nyumba ya wazee kukaa na babu yake hadi mama atoke kazini. Jina hilo alibandikwa na mlinzi wa pale, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Mlangoni alipewa kadi ya mgeni, akaibana kwenye sweta lake la shule. Babu, dobi wa zamani ambaye sasa kumbukumbu zilikuwa zikimponyoka, alivaa bangili ya plastiki. Vijisanduku vyeupe vilivyofungwa darini vilinasa mawimbi ya kadi na bangili hizo, na kwenye kompyuta ya mlinzi kila mtu alionekana kama nukta: wazee kijani, wageni buluu.

Babu akivuka mlango wa chumba chake, king'ora kililia na Chiriku alipaswa kumrudisha. Siku hiyo kililia mara nne, na jikoni wapishi walikuwa wakitazama fainali ya mpira. Chiriku akaona isiwe taabu. Babu aliposinzia, alimvua bangili, akaisukuma chini ya mto, akaacha sweta kitini na kunyata kwenda jikoni kutazama mpira.

Aliporudi, kitanda kilikuwa kitupu. Sweta nalo halikuwepo. Alichungulia bafuni, akakimbia uani, asione mtu.

"Mjomba," alimwambia mlinzi, "babu yuko wapi?"

"Si huyu hapa? Kalala fofofo."

Nukta ya kijani ilikuwa kitandani. Ikatikisika kidogo, kama mtu anayejigeuza usingizini.

"Ajabu ni wewe," mlinzi aliendelea, akikunja uso. "Umesimama hapa, lakini mtambo unasema uko kule chini, kwenye chumba cha zamani cha kufulia."

Chumba hicho hakikutumika tangu mafundi bomba waanze kuchimba shimo ndani yake. Kwenye skrini, nukta ya buluu yenye jina lake ilitembea polepole gizani. Ikasimama. Ikageuka. Chiriku alijishika mikono kuhakikisha kwamba kweli yuko hapa.

"Umeharibika huu," mlinzi alisema, akinyoosha mkono kuuzima. "Kesho nitamwita fundi."

Chiriku angenyamaza, kosa lake lisingejulikana. Lakini nukta ilipiga hatua nyingine.

"Usizime, mjomba! Huyo ni babu! Nilimvua bangili, iko chini ya mto. Amevaa sweta langu."

Mlinzi hakuuliza la pili. Walishuka ngazi mbiombio. Mlango ulikuwa wazi, maji yakidondoka mahali pasipoonekana. Babu alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka shimoni, sweta limembana mabegani, akikunja shuka lisilokuwepo.

"Umechelewa, mjukuu wangu," alisema. "Shika ncha hiyo."

Chiriku alikaza moyo, akaishika ile ncha ya hewa, akarudi nyuma polepole. Babu akamfuata, wakikunja pamoja, mpaka mlangoni.

Babu alipokwisha kulazwa, mlinzi alimfunga bangili, kisha akamgeukia Chiriku.

"Mwanangu, mtambo huu hauoni mtu, unaona bangili na kadi tu; hata ile nukta kutikisika kitandani ni mawimbi kuyumba. Sisi ndio tunaoambizana ukweli ili uwe na maana. Ungechelewa kusema, tungekuwa tunalinda mto. Haya, na mama yako?"

"Nitamwambia mwenyewe," alijibu Chiriku, akavuta kiti karibu na kitanda.