Barua Isiyo na Namba

Ramneek Sekhon alisinzia wima kwenye foleni ya fotokopi, nyuma ya stendi ya mabasi ya Bathinda, jimboni Punjab, huku watu wakimpiga vikumbo na bahasha zao za pasipoti na vyeti. Mji ule nusu yake inakwenda Kanada na nusu iliyobaki inapiga kopi. Alivaa suruali pana ya salwar ya rangi ya haradali iliyopauka magotini, na vidole vyake vilikuwa na madoa ya wino mwekundu. Alikuwa mwalimu katika kituo cha kuwapika vijana kwa mtihani wa Kiingereza, ule ambao usipoupita hakuna viza.

"Madam ji," sauti ya heshima ikamwita, "hapa hatulazi wageni."

Akafumbua macho. Mwenye duka, mwanamume mrefu wa miaka thelathini na kitu, mwenye kilemba cha buluu kilichofungwa vizuri kuliko duka lake lilivyopangwa, alikuwa akimtazama kwa kicheko.

"Sijalala. Nafikiri."

"Basi mawazo yako yanakoroma."

Foleni nzima ikacheka. Ramneek akamkabidhi rundo la karatasi za wanafunzi, naye mwenye duka akaipekua ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaachia mluzi.

"Kumbe ni wewe! Miaka kumi na mmoja napiga kopi barua za watoto wa mji huu, na zote zinaishia kwa mstari mmoja." Akaweka ukucha chini ya maneno: I look forward to hearing from you. "Aliyewafundisha nimemtafuta sana."

"Mimi ni mmoja wa wahalifu."

"Maana yake nini?"

"Kwamba unangoja jambo kwa furaha. Moyo umeshatangulia, kilichobaki ni mwili tu."

Mwenye duka akaitazama foleni, nyuso zilizonuna kwa baridi na wasiwasi. "Na hawa wote wanangoja kwa furaha?"

"Hawa wanangoja alama. Mstari huo unapendwa na wasahihishaji."

"Na wewe unangoja nini?"

"Kopi zangu," alijibu, watu wakacheka tena. Lakini swali lile lilimfuata mpaka nyumbani. Miaka sita alikuwa akiandika mstari ule ubaoni, darasa baada ya darasa, na hakukumbuka mara ya mwisho yeye mwenyewe kungojea kitu isipokuwa kitanda.

Mwenye duka aliitwa Tejpal. Tangu siku ile ikawa kila Jumanne Ramneek anapeleka mwenyewe karatasi za majaribio. Kituo kilikuwa na utaratibu wake: karatasi hupigwa kopi kabla ya kusahihishwa, na tena baada ya kusahihishwa, ili mzazi akija kulalamika aonyeshwe zote mbili. Wanafunzi hawakuandika majina bali namba, mwalimu asije akapendelea mtu. Hivyo rundo lilipita mikononi mwa Tejpal mara mbili kila wiki, na kila Jumanne Ramneek alipata chai ya tangawizi na kipande cha sukari guru.

Simu nazo zikaanza. Saa kumi na mbili jioni, Tejpal akishafunga duka, simu ya Ramneek ililia.

"Umekula, Madam ji?"

"Nimekula wino. Wewe, Sardar ji?"

"Nimekula moshi wa mashine. Leo sauti yako imekanyagwa na lori."

"Madarasa saba, Tejpal. Saba! Wa mwisho niliwaita kwa majina ya wa kwanza."

"Mimi usinikosee jina tu, mpenzi. Wengine waite utakavyo."

Alisema mpenzi kwa mzaha, lakini Ramneek alilibeba neno lile begani siku nzima iliyofuata kama shali. Alimpenda. Alijua hivyo, na alijua pia kwamba Tejpal, mwepesi wa utani, hajawahi kusema jambo moja la maana bila kucheka.

Nyumbani, mama yake hakuwa na muda wa utani. Mwaka ule kituo kiliwalazimisha walimu wote kufanya mtihani, na Ramneek alipata alama za juu kabisa. Huko Punjab, binti mwenye alama ni bibi harusi anayekimbiliwa: familia ya mvulana hugharamia masomo yake Kanada, mvulana naye huvuka kama mume wake. Familia moja ya mji wa Maur ilikuwa imekwisha tuma mshenga mara mbili.

"Alama zako zinaisha nguvu mwezi wa nane," mama alisema. "Una miaka thelathini. Unarudi kila jioni umeshika viatu mkononi. Nani mwingine amekuja kukuuliza? Mtaje nimsikie."

Ramneek akainamisha kichwa. Hakukuwa na wa kumtaja.

"Basi waje Jumapili ya kabla ya sikukuu ya Lohri?"

"Nipe wiki hii moja, Mama."

Wiki hiyo moja ndiyo aliyompa Tejpal, ingawa Tejpal hakuambiwa. Kwenye simu ya Jumatatu Ramneek alisema tu, kwa sauti ya kujaribu, kwamba nyumbani wanazungumzia wageni.

"Wageni wa namna gani?"

"Wa namna ile."

"Aa," akasema Tejpal, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. "Kesho lete karatasi mapema."

Kesho yake alizipeleka. Tejpal alizipiga kopi, akamrudishia rundo bila kumtazama usoni, akasema, "Zisome zote vizuri." Ramneek akaenda zake na dukuduku moyoni. Wanafunzi walikuwa arobaini na wawili, swali moja: mwandikie rafiki barua ya kumwalika nyumbani kwa sikukuu. Alizisahihisha alasiri ile kati ya darasa na darasa, macho yanawaka, kalamu inakwenda yenyewe. Jumatano asubuhi mtumishi wa kituo akazirudisha dukani kwa kopi ya pili.

Jioni ile simu haikulia. Wala Alhamisi. Ijumaa Ramneek akapiga mwenyewe; ikalia mpaka ikakata. Alikaa kitandani na koti mwilini, akajisikia mjinga. Kumbe mtu ukimtajia wageni hukimbia. Akanyanyuka, akaenda jikoni.

"Waje, Mama. Waje Jumapili."

Mama akambusu kipaji cha uso na papo hapo akawa na orodha ya kazi. Ya kwanza ilikuwa picha za pasipoti. Watu wa Maur walitaka nne. Na mji mzima ulijua picha zinapigwa wapi: nyuma ya stendi, kwa Tejpal.

Jumamosi duka lilijaa hadi barabarani. Tejpal alimwona, akamwonyesha kigoda mbele ya pazia jeupe.

"Za nchi gani?"

"Kanada."

Akarekebisha taa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Inua kidevu. Usitabasamu. Hairuhusiwi."

"Sikuwa na nia."

Akapiga. Akatazama kamera, akaiweka chini. Kisha akafungua droo, akatoa karatasi moja iliyokunjwa mara nne.

"Kabla hujaondoka, Madam ji, nataka kuuliza kama wanavyouliza wanafunzi. Nilikosea wapi?"

Ramneek aliikunjua. Ilikuwa karatasi ya mtihani, herufi kubwa za mtu asiyezoea kuandika, na pale juu pa namba hapakuwa na kitu. Mwandishi alimwalika mtu nyumbani kwake kwa Lohri. Alisema mama yake atapika mboga ya haradali na mkate wa mahindi, na kwamba mama huyo ameuliza mara nyingi ni nani anayemfanya mwanawe afunge duka mapema. Alisema moto utawashwa uani kama ilivyo desturi ya Lohri, na angependa mgeni huyo auzunguke moto ule mwaka huu, na mwakani, na miaka yote. Kila sentensi ilikuwa imechumwa kutoka barua za wanafunzi, lakini hakuna mwanafunzi aliyewahi kuzipanga vile. Mwishoni ulikuwa mstari ule ule.

Na juu ya yote, wino mwekundu. Mwanzoni, neno Madam limezungushiwa duara: *Rafiki haitwi hivi.* Ubavuni: *Maneno ya kukariri. Hakuna hisia.* Chini ya mstari wa mwisho: *Usiandike hivi kama humaanishi.* Alama: tano.

Mwandiko ulikuwa wake.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Tejpal. Nimekusahihisha."

"Niliona."

"Sikujua! Zilikuwa arobaini na mbili..."

"Arobaini na tatu."

"Sikuzihesabu. Nilikuwa nimechoka, nilisoma kama mtu anayepepeta mchele." Machozi yakamtoka mbele ya foleni nzima, wala hakuyafuta. "Kwa nini hukusema kwa Kipunjabi, mwanamume wewe?"

"Kwa Kipunjabi ningetetemeka. Kiingereza sikielewi vizuri, kwa hiyo naweza kukisema." Akakwaruza meza kwa kucha. "Kisha nikaona umeandika hakuna hisia. Nikasema, huyu ni mwalimu, anajua."

"Mwalimu hajui kitu! Mwalimu alikuwa anakungoja wewe useme, kila jioni, kama punguani!"

"Jamani, oaneni basi, tuna treni," bibi mmoja akapaza sauti kutoka nyuma ya foleni, na watu wakaangua kicheko.

Ramneek alikuwa amekwisha toa simu. Mama aliposikia habari ya Tejpal alipiga kelele zilizofika mpaka kwenye mashine: na alama? na watu wa Maur? na Kanada?

"Kanada haijawahi kuniuliza kama nimekula, Mama. Wapigie wasije, au nitawapigia mimi." Akamgeukia Tejpal. "Kesho saa nne. Wewe na mama yako. Ukija kwa utani nitakufukuza."

"Nitakuja nimekunja uso."

Jumapili asubuhi ukungu ulikuwa mzito, nyumba ya jirani haionekani. Ramneek aliamka kabla ya mama yake, akaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi, akavaa kanzu ya kameez ya kijani ambayo mikunjo yake ya dukani ilikuwa bado haijatoka, akatoka getini. Akarudi. Akatoka tena. Ilikuwa saa mbili na nusu.

Mama yake, ambaye tangu jana alikuwa akimjibu kwa mkato, alimtazama kutoka barazani na bakuli la njegere mapajani.

"Hiyo mara ya tano. Umepoteza nini huko?"

"Sijapoteza kitu. Namngoja mtu."

"Si umesema saa nne? Keti, utachoka."

"Sijachoka, Mama."

Mama akaacha kumenya. Miaka sita hakuwa amelisikia neno lile kutoka kinywa cha binti yake. Alimtazama vizuri, kuanzia miguu iliyokuwa haitulii mpaka mashavu yaliyopigwa na baridi, kisha akaliweka bakuli chini, akaingia ndani, na alipotoka alikuwa na shali mbili. Moja akamfunika Ramneek, moja akajifunika mwenyewe, akaja kusimama naye getini kuitazama barabara.