Laini Iliyokatwa kwa Wembe

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi tatu: kuchota maji ndoo nne, kuloweka mashuka ya nyumba ya wageni kwenye beseni kubwa, na kumbeba mdogo wake mpaka kwenye mkeka wa barazani. Shuleni alikuwa na jina jingine, lakini nyumbani na mtaani walimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Msichana huyo wa miaka kumi na miwili aliweza kusimulia safari ya dukani kwa nusu saa nzima, na duka lenyewe lilikuwa nyumba ya tatu tu.

Mdogo wake, mwenye miaka minne, walimwita Kibabu. Jina lilianza kwa utani, kwa kuwa akitembea hatua kumi alichuchumaa apumzike, mikono magotini, kama mzee aliyetoka mbali. Kisha daktari akawaambia kwamba moyo wa mtoto una tundu. Tangu siku hiyo hakuna aliyecheka tena, ila jina lilibaki. Kibabu akilia sana, midomo yake ilibadilika rangi ikawa ya samawati, kwa hiyo nyumba nzima ilijifunza kutomliza.

Mama yao alikuwa dobi, na tangu baba yao afariki, sabuni na pasi ya mkaa ndivyo vilivyowalisha. Simu yake ndogo ya vitufe aliifunga kwenye mfuko wa nailoni isilowe, akaichomeka kiunoni. Wateja walimpigia aende kuchukua nguo. Lakini siku hizo alikuwa anangoja simu moja kuliko zote. Madaktari wa upasuaji wa moyo walikuwa wamefika hospitali kuu, safari ya nusu siku kwa basi, na wangekaa wiki mbili tu. Muuguzi alikuwa ameandika namba ya mama kwenye faili la Kibabu.

"Orodha ni ndefu, mama," muuguzi alimwambia. "Zamu ya mtoto ikifika tutakupigia. Tukikukosa siku mbili mfululizo, tunamwita anayefuata. Usizime simu, wala usibadilishe namba."

"Nitaing'ang'ania kama roho yangu," mama alijibu.

Jumamosi moja mchana mama alikwenda kupiga pasi kwenye nyumba ya wageni, akaiacha simu ikiingia chaji. "Ikilia, pokea uniite mbio," alimwagiza Chiriku. Haukupita muda akaingia Madoido, binti wa shangazi yao, mwanafunzi wa sekondari mwenye simu janja na maneno mengi. Wakati huohuo ujumbe ukaingia kwenye simu ya mama: kampuni ya simu imempa intaneti ya bure mpaka usiku wa manane.

"Kisimu hiki na intaneti wapi na wapi!" Madoido alicheka. "Hiyo ni kumpa kipara kitana. Lete laini tuiweke kwenye yangu, tuangalie video. Mama yako akirudi tunairudisha."

Tatizo likawa moja. Laini ya mama ilikuwa ya kizamani, kubwa, na nafasi ya laini kwenye simu ya Madoido ilikuwa ndogo. Madoido akasema amewaona mafundi wakipunguza laini kwa wembe, ni kazi ya dakika moja. Chiriku alikumbuka maneno ya muuguzi, akayasikia kabisa masikioni, lakini hamu ya video ilimzidi nguvu. Alishika laini juu ya kigoda, Madoido akakata. Wembe uliteleza, ukapita katikati ya kile kipande chenye rangi ya dhahabu.

Waliijaribu kwenye simu ya Madoido, wakaijaribu kwenye simu ya mama. Zote mbili ziliandika kwamba hakuna laini.

"Usimwambie mama yako, tafadhali," Madoido alisema, na kicheko chote kilikuwa kimemtoka. Akatoa kwenye pochi laini yake ya zamani aliyokuwa haitumii, akaipachika kwenye simu ya mama. "Weka hii kwa muda. Majina ya watu yamo kwenye simu yenyewe, hatagundua. Nitatafuta fundi aiunganishe ile iliyokatika."

Chiriku alikubali. Vipande viwili vya laini alivifunga kwenye karatasi akavificha chini ya godoro. Mama aliporudi akauliza kama simu imelia, alijibu, "Haijalia, mama." Jibu hilo halikuwa uongo, lakini alilisikia zito mdomoni kama jiwe.

Jumapili simu haikulia. Jumatatu haikulia. Mama alikuwa mtu wa kupigiwa, si wa kupiga, basi alikaa karibu na mabeseni matupu akishangaa. "Jamani, wateja wote wamenipa kisogo? Nimewakosea nini?" Jumanne alimgeukia binti yake. "Na wewe Chiriku wangu, mbona siku hizi mdomo umetiwa kufuli?"

"Kichwa kinaniuma, mama."

Mama akamshika paji la uso kuona kama ana homa. Mkono ulikuwa wa baridi na ulinukia sabuni. Chiriku alitamani kusema pale pale, akashindwa. Alijiambia hospitali haijapiga bado, kwamba fundi atapatikana kesho, kwamba mambo yatajipa yenyewe. Mwoga hakosi la kujiambia.

Jumatano alasiri akaja mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona, amejibebea mwenyewe mfuko wa nguo chafu. "Dobi wangu, umenitupa?" aliuliza. "Tangu Jumapili nakupigia naambiwa hupatikani."

"Mimi, mwalimu? Simu haijazimwa hata dakika moja! Hii hapa, itazame."

Mwalimu akapiga pale pale. Simu ikabaki kimya kiganjani mwa mama. Mama aliigeuza, akaitikisa, kisha macho yake yakaenda kwenye mkeka. Kibabu alipenda kubonyeza vile vitufe ili viwake taa.

"Ni wewe!" mama alifoka. "Nimekukataza mara ngapi kuchezea simu? Unajua unajiua mwenyewe?" Akamchapa kofi mkononi.

Mama hakuwahi kumpiga Kibabu. Mtoto alifungua mdomo, na kwa muda kilio hakikutoka. Kilipotoka kilikuwa cha mtu anayezama. Midomo ikageuka rangi, kisha kucha, kisha akalegea. Mama aliitupa simu, akamnyakua, akamkunja magoti hadi kifuani kama walivyofundishwa kliniki, huku akiita, "Baba, pumua! Pumua, baba yangu, nimekosa!"

"Si yeye!" Chiriku alipiga kelele. "Mama, si Kibabu, ni mimi! Laini tuliikata! Iliyomo humo si yako!"

Alisema yote, akilia, kuanzia video hadi karatasi chini ya godoro. Mama hakumtazama. Aliendelea kumkunja mtoto, akimpulizia usoni, mpaka pumzi ikarudi na rangi ikarudi kidogokidogo. Ndipo akauliza, taratibu, "Tangu lini?"

"Jumamosi."

Mama hakumgusa. Chiriku angependelea apigwe.

Mwalimu aliiokota simu, akampa mama. "Mama, kulia kutakuwapo tu. Chukua kitambulisho, uende ofisi ya kampuni ya simu kabla hawajafunga. Kadi imekufa, namba haijafa."

Mama alimfunga Kibabu mgongoni, akatoka na nguo zake zile zile za kazi. Chiriku alimfuata nyuma na ile karatasi yenye vipande vya laini. Foleni ilikuwa fupi. Dada wa kaunta alisikiliza, akatazama vipande vya laini, akaguna. "Imesajiliwa kwa jina lako, mama? Vizuri. Weka kidole gumba hapa."

Mashine iliwaka taa nyekundu. Kidole cha shahada, nyekundu. Wakafuta kwa kitambaa, wakajaribu mkono wa pili, nyekundu tena.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Dobi. Mwaka wa kumi na moja huu."

"Ndiyo maana. Sabuni imekula alama za vidole."

Chiriku aliviangalia vidole vya mama yake kama anaviona mara ya kwanza. Ncha zake zilikuwa laini kama karatasi, zimepasuka kandokando. Vimemlisha na kumsomesha, na sasa mashine inakataa kumtambua mwenye vidole hivyo. Aliona aibu mpaka akashindwa kuinua uso. Dada wa kaunta hakukata tamaa, alijaribu kidole kimoja kimoja, na kwenye kidole kidogo cha kushoto taa ya kijani ikawaka.

"Haya," alisema akiweka kadi mpya kwenye simu. "Namba yako ni ile ile. Namba haikai ndani ya kadi, inakaa kwetu kwa jina lako. Kadi ni ufunguo tu, ukivunjika tunakupa mwingine. Kazi ya nusu saa hii. Mngekuja Jumamosi ile ile mngeondoka nayo."

Wakiwa bado pale kwenye kaunta, jumbe za simu alizokosa zilianza kuingia. Wateja watano. Mwalimu. Na namba ya hospitali: Jumatatu mara mbili, Jumanne mara tatu.

Mama alipiga hospitali. Muuguzi alimkumbuka. "Tulikutafuta sana, mama. Jana jioni ilibidi tumwite mwingine, ameshalazwa. Nafasi zilizobaki zimejaa. Madaktari watarudi baada ya miezi mitano."

"Miezi mitano..." Mama alimgusa Kibabu mgongoni. "Atafika, dada?"

"Mlete kliniki kila mwezi, na dawa asikose hata siku moja," muuguzi alisema. "Namba yako ni hii hii?"

"Ni hii hii."

Miezi hiyo mitano Chiriku hakuisahau. Kibabu alipungua, akaacha kutembea, akawa wa kubebwa hata kwenda chooni. Mara mbili alizimia. Mara ya pili, mchana wa mvua, walidhani amekwenda, na majirani wakaanza kujaa barazani. Madoido alikuja kuomba radhi, na tangu hapo kila Jumamosi alikuja kusuuza mashuka bila kuambiwa. Hakuna aliyemtupia Chiriku neno. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Simu ilipolia, mama alikuwa na povu hadi kwenye viwiko. Chiriku aliidaka. "Ndiyo, ni namba yake," alisema. "Ndiyo. Tunakuja leo leo!"

Upasuaji ulichukua saa sita. Walikaa kwenye benchi la korido bila kula. Daktari alipotoka na kusema tundu limezibwa na mtoto anapumua vizuri, mama aliinamisha kichwa akalia kimya kimya. Kisha akamvuta Chiriku karibu, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano ile.

"Nimengoja apone ndipo niseme," alisema. "Kukata laini lilikuwa kosa la mtoto. Ungeniambia Jumamosi ile, ningekufinya sikio, tungekwenda ofisi ya simu, na Jumatatu hospitali ingenipata. Wembe ule ulitugharimu nusu saa. Kimya chako kimetugharimu miezi mitano, na nusura kitugharimu mtoto. Mimi pia nilikosa, nilimpiga asiye na hatia kwa hasira. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwetu kilibisha hodi mara mbili kikapita, lakini si kila nyumba hukipitisha."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Ila sikiliza. Utakosea tena, wewe ni binadamu. Siku hiyo usingoje ujasiri uje. Njoo uniambie ukiwa bado unatetemeka."