Kikohozi cha Mbuke Msituni

Kwa maneno ya Mama Nasibu, jirani wa Mbuke, sokwe wa Kisiwa cha Rubondo alishuka mtini, akaketi, akamtazama usoni kama mtu anayemkumbuka.

"Na siku hiyo nilikuwa na mafua ya kutoa machozi!" Mama Nasibu alisema, huku akichambua mchicha kwenye ungo. "Nikapiga chafya. Sokwe akatikisa kichwa, kama ananipa pole. Hawa watu wa hifadhi wanaokataza wagonjwa wanatutisha tu."

Mbuke alicheka. Mama mkwe wake, Epifania, hakucheka.

"Macho yake yakoje?" Epifania aliuliza.

"Ya mtu kabisa, mayu, mama yangu."

Epifania alikuwa mkulima hapo Runzewe. Miguu yake bado ilikuwa na nguvu, lakini macho yalikuwa yanamwacha. Daktari alisema ni presha ya macho. Dawa ya matone ingelinda kidogo kilichobaki. Kilichopotea hakitarudi. Basi kwaya ya kigango, ambamo Mbuke aliimba sauti ya kwanza, ilipopanga safari ya Rubondo, Epifania aliomba jambo moja tu: amwone sokwe kabla giza halijafunga.

Safari ilipokaribia, Mbuke akaanza kukohoa.

Alijua mgonjwa haruhusiwi kwenda kwa sokwe. Lakini aliwaza, nikisema nitabaki, na nikibaki, nani atamshika mama mkono? Hawezi kuiona mizizi ya njiani. Akakumbuka chafya ya Mama Nasibu. Akatafuna tangawizi, akanyamaza.

Walivuka ziwa kwa boti kutoka Kasenda. Kisiwani walipokelewa na mwongoza wageni, kijana mpole aitwaye Onesmo.

"Shikamooni wakubwa. Kabla hatujaingia msituni, nauliza. Nani ana mafua, kikohozi, homa, au anaharisha? Aseme, si aibu."

Watu walitazamana. Mbuke aliitazama ncha ya kiatu chake.

"Haya. Tunawe mikono. Kila mtu avae barakoa. Chakula kinabaki hapa. Tukiwaona, hatuwasogelei."

Msitu ulikuwa na giza la kijani. Mbuke alimshika Epifania mkono. "Inua mguu, mama. Mzizi. Tena mwingine." Walitembea mpaka migongo ikalowa jasho. Ghafla ukelele ukapasuka mbele yao, kisha mwingine ukajibu. Matawi yakatikisika.

"Wako wapi?" Epifania alinong'ona.

"Pale juu. Subiri, anashuka."

Mkono mweusi ulitokea kwenye majani. Epifania alikaza macho, shingo mbele. Hapo hapo koo la Mbuke likawasha. Alibana pumzi. Alimeza mate. Kikohozi kikamshinda, kikatoka kirefu, kikavu.

Onesmo aliinua mkono. "Tunarudi. Wote."

"Baba, mimi bado sijaona," Epifania alisema.

"Pole, mama. Tunarudi."

Njiani hakuna aliyeimba. Ni Davis peke yake, mpiga kinanda, aliyesema, "Leo sauti ya kwanza imetuimbia vizuri!" Wengine waliguna.

Kambini Mbuke alilia. "Mama Nasibu aliwapigia chafya, na hakuna kilichotokea!"

"Sijui alichokifanya Mama Nasibu," Onesmo alisema. "Ninachojua, dada, sokwe ni ndugu zetu wa karibu sana. Mafua yetu yanawaingia. Wewe unakunywa chai ya tangawizi, unapona. Yeye mwili wake haujazoea ugonjwa huo. Anaweza kufa, na kabla hajafa akawaambukiza wenzake, na watoto wao."

"Niliogopa mama atakosa wa kumshika mkono."

Onesmo alimtazama kwa huruma. "Ungeniambia tu. Wewe ungepumzika hapa. Mkono wake ningeushika mimi."

Neno hilo lilimchoma Mbuke kuliko utani wote wa Davis.

Waliporudi Runzewe, alimfuata Mama Nasibu. Jirani alikwepa macho yake. "Kusema kweli, mwenzangu, mimi niliishia Kasenda, kwenye samaki. Msituni sikuingia. Nilinogesha tu maneno."

Mwaka uliofuata kwaya ilipanga tena safari. Safari hii Mbuke ndiye aliyesimama mlangoni mwa basi. Alimuuliza kila aliyepanda juu ya mafua, kikohozi, homa na kuharisha. Davis alisimama, akakuna kichwa.

"Mimi pua inanichuruzika tangu jana."

"Shuka, kaka. Na asante kwa kusema."

"Haya, nashuka. Mkamsalimie shemeji yangu wa mtini!" Watu wakacheka, naye akacheka.

Kisiwani Onesmo aliwaambia sokwe wote wa kundi lile walikuwa wazima. Mbuke alishusha pumzi. Siku hiyo walikaa kimya, mbali, barakoa usoni. Sokwe jike alishuka, mwanawe ameng'ang'ania tumboni mwake, akala matunda, akawatazama. Hakuna aliyekohoa.

Epifania hakuwepo. Macho yake sasa yalitambua mchana na usiku tu.

Mbuke aliporudi Runzewe alimkuta kizingitini akipukuchua mahindi kwa vidole.

"Mmemwona?"

"Tumemwona, mama."

Epifania aliweka gunzi chini. Akapapasa mpaka akaufikia uso wa Mbuke, akaushika kwa viganja viwili.

"Basi nitazame alivyokutazama. Nione na mimi."

Mbuke aliinua macho. Machozi yalimtiririka kwenye vidole vya mama mkwe wake.